Kipindi Ulichokichagua Ukiwa Kitandani Kwangu

Mdogo wangu Gati,

Nakuandikia nikiwa nje ya mashine ya kusaga, nimekalia gunia la pumba, kwa sababu nyumbani hakukaliki. Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike na bado watu wanakuja. Wanatoka Tarime mjini, wanatoka Mugumu, na juzi walikuja akina mama wanane kutoka Musoma na gari la kukodi. Wananipa pole, wanakaa, halafu kila mmoja ananieleza jinsi alivyokufahamu. Mmoja alilia mpaka akapaliwa na chai. Nikamuuliza, "Mlikutana wapi na marehemu?" Akanijibu, "Hatukuwahi kukutana, dada yangu, ila alikuwa anaingia sebuleni kwangu kila Jumapili." Nikamwongezea chai. Kwangu uliingia ukiwa na miaka saba, gauni moja na upele kichwani, na hakuna mtu aliyenipa pole siku hiyo.

Barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka. Wewe ulinisemesha wazi mbele ya nchi nzima, kwa hiyo tusianze kuoneana aibu leo.

Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na wewe sita. Mwaka uliofuata nikaolewa hapa Nyambureti na Chacha, nikaja na wewe kama mtu anavyokuja na sufuria zake. Mama mkwe alitoka nje akatuhesabu, akamgeukia mwanawe: "Tumeoa mmoja. Mbona wameshuka wawili?" Chacha hakuwa mtu wa maneno. Alikuangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Huyu mdogo hali sana." Kesi ikaishia hapo. Alidanganya, maana ulikuwa unakula kuliko yeye.

Nilipata kibarua kwenye mashine ya kusaga ya watu, kazi ya kumimina mahindi. Wewe ukitoka shule unakuja kukaa kwenye foleni na akina mama. Hukuuliza maswali kama watoto wengine, ya kwa nini mbwa ana mkia. Ulimwuliza mtu mzima, "Mama, mbona leo umekuja na debe nusu?" Yule mama anajibu, "Tumepunguza tu, mwanangu." Mtoto mwingine angekimbilia michezo yake, lakini wewe ulibaki umemkazia macho, kimya. Basi mtu mwenyewe anaanza tena: mume yuko migodini, mwezi wa nne sasa hajaleta habari, na shemeji naye anataka shamba. Mahindi yake yakiisha kusagwa, nyumba yake yote umeshaimaliza. Nikakukaripia siku moja. "Gati, acha kupekua watu!" Ukaniambia, "Sijampekua, dada. Nimenyamaza tu." Ulikuwa na miaka minane. Nilicheka, nikamsimulia Chacha, naye akacheka. Ningejua, siku ile ningekuchapa.

Ulipomaliza kidato cha nne ukapata kazi kwenye kile kituo kidogo cha redio Tarime, kusoma matangazo ya vifo. Wenzako waliyasoma kama orodha ya bidhaa: marehemu ameacha mjane, watoto saba, mazishi saa nane. Wewe uliwapigia simu wafiwa kwanza, ukawauliza alikuwa mtu wa namna gani. Kisha hewani unasema, "Marehemu ameacha mjane na watoto saba, na alikuwa hapendi kuamshwa kabla jua halijatoka." Watu walisimamisha baiskeli barabarani wasikilize vifo vya watu wasiowajua. Mzee mmoja wa Nyamisangura alikuja kituoni kuweka nafasi yake mapema. Alimwambia kijana wa mlangoni, "Mura, mimi nikifa asinisome mwingine. Anisome yule binti." Hapo nilijua utatoka mkoani Mara. Sikujua utatoka kabisa.

Ukaenda Mwanza, halafu Dar es Salaam, na ulipofika miaka thelathini na mbili wakakupa kipindi chenye jina lako, Meza ya Gati. Ni meza moja, viti viwili, vikombe viwili na boksi la tishu, Jumapili saa kumi jioni. Ulikifanya kwa miaka kumi na moja. Mimi wakati huo Chacha alishafariki, nina mashine yangu ya kwanza, nikiwa nimeinunua chakavu na kuifufua. Nilinunua televisheni na sola kwa ajili yako. Kuna Jumapili nilihesabu watu thelathini na wanne kwenye sebule yangu, mbali na waliosimama dirishani. Ulikalisha pale wachungaji, mabondia, waimbaji, wanasiasa wenye matumbo yao, na wote uliwafanyia kama yule mama wa debe nusu. Unauliza kitu kidogo, halafu unaacha. Mtu mzima anahangaika kwenye kiti, anashika kikombe, anakiachia, mwisho anasema jambo ambalo hata mkewe hajawahi kulisikia.

Nilikupigia simu nikuulize. "Gati, vile vikombe mbona havina chai?"

Ukacheka. "Umeonaje, dada?"

"Mtu akinywa koo linapanda. Wageni wako hawapandi koo."

"Chai ikiwemo, mgeni anapata pa kujificha."

Nilikisifu kichwa chako, nikawasimulia wateja kwenye foleni. Sikufikiria kwamba siku moja kikombe kile kitakuwa mbele yangu.

Wasiotujua wanaosoma hapa niwaeleze kidogo, maana wewe ulisema tunaeleza na mwisho hatukueleza. Mimi na Chacha hatukupata mtoto. Kwetu Wakurya mwanamke wa namna yangu haachi nyumba ya mumewe izimike. Anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto atakaowazaa yule binti ni wa nyumba ile, ni watoto wa marehemu. Tunaita nyumba ntobhu. Hakuna mambo ya kitandani kati ya hao wanawake wawili, na anayecheka akidhani yapo acheke akimaliza aendelee kusoma. Nilitoa ng'ombe kumi na wawili nikamleta Robi kutoka Machochwe. Alikuwa na miaka ishirini, mchapakazi, ananiita mama. Mwaka wa pili tukampata Marwa. Tulimpa jina la baba yake Chacha.

Na mwanamume? Yupo, bila shaka. Mwenye nyumba humtafuta kwa akili, mtu mwenye afya na tabia, na akishakubali hana jina tena kwenye jambo hilo. Haitwi, hatajwi, hadai. Mvua ikinyesha shambani kwako hairudi kukudai mahindi. Mtoto akiuliza baba, anaonyeshwa kaburi la Chacha, na huo ndio ukweli wetu. Siyo uongo uliovalishwa nguo. Ndivyo tulivyojua wewe na mimi tangu utotoni.

Ndiyo maana uliponipigia miaka minne iliyopita nilikubali. Ulisema, "Dada, huku watu wanatutukana. Wanasema Wakurya wanawake wanaoana. Njoo uwafundishe. Wewe ni mtu unayejua kujieleza, una mashine tatu, umejenga. Wakikuona watanyamaza." Nikakupa masharti mawili: mtoto asionyeshwe, na mwanamume asiuliziwe. Ukaniambia, "Dada, mimi si wa huko huko?" Ukanipa mkono kabisa, kwenye korido, wasichana wako wakinipaka poda.

Mle ndani palikuwa na baridi ya jokofu. Nilivaa kitenge cha bluu. Tulikwenda vizuri. Nilieleza ng'ombe, nilieleza Robi, nilieleza nilivyofufua ile mashine ya kwanza, watu wakapiga makofi. Nyuma ya kamera palikuwa na saa ya ukutani, nami kama unavyonijua, nilikuwa naisoma. Dakika ya kumi na tisa ukaniuliza, kwa sauti ileile ya foleni, "Na baba yake Marwa ni nani?"

Nikakujibu sawasawa, kama ambavyo mama angejibu: "Baba yake ni marehemu mume wangu, Chacha."

"Alifariki miaka mingapi kabla Marwa hajazaliwa?"

"Minane."

Kwa nini nilijibu? Kwa sababu uliniuliza idadi, na mimi idadi ikiulizwa siwezi kuiacha inaning'inia. Ulilijua hilo. Kwenye viti vya watazamaji palikuwa na dada mmoja mwenye nywele ndefu za bandia. Aliinua mikono akaanza kuhesabu vidole, kimoja kimoja, mpaka cha nane, akashika mdomo. Ukumbi mzima ukalipuka. Mtu mmoja kwa nyuma akasema, "Marehemu alikuwa fundi!" Wakazidi.

Mimi, Gati. Mimi ambaye sikufika hata kidato cha kwanza, ambaye nimeinuka kwa hesabu peke yake, ninachekwa na watu mia mbili kwamba sijui kuhesabu. Nikakuangalia wewe uniokoe. Ulinyamaza. Nilisoma saa: sekunde kumi na moja. Kikombe kilikuwa kitupu. Ya kumi na mbili nikasema, "Msinicheke! Hesabu naijua kuwashinda wote humu. Aliyemzaa namjua. Ni fundi wa mashine za kusaga, yuko Mugumu, na nilimchagua mwenyewe kwa sababu ana akili!"

Watu walipiga makofi, hata yule wa nywele. Nilitoka pale nikidhani nimeshinda.

Kwenye gari ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Nikakwambia, "Gati, ile uikate." Ukaniambia, "Dada, sikukuuliza jina lake. Ulisema mwenyewe." Ni kweli. Nilisema mwenyewe, kinywa ni changu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kosa lako. Lakini ulikuwa na siku tisa za kuikata kabla haijarushwa. Hukuikata.

Mafundi wa mashine za kusaga Mugumu walikuwa wanne. Mmoja mzee wa miaka sabini, mmoja shemeji yangu, mmoja alikuwa amehamia mwaka huohuo. Hesabu hiyo haikumshinda mtu. Kufika Jumatatu mchana mji mzima ulikuwa umepita mbele ya karakana yake kumwona. Mkewe alifunga mizigo wiki ileile. Shuleni Marwa akawa anaulizwa kila mapumziko, "We Marwa, babako alifufuka lini?" Alikuwa na miaka tisa. Alikuja akaniuliza mimi, mama mkubwa wake, "Kwani yule wa kaburini ni nani?" Nikamwambia ni baba yako. Akasema, "Lakini kwenye televisheni ulisema mwingine." Nikamtuma dukani, mimi ambaye ndiye mwenye majibu katika nyumba hii.

Mwezi wa tatu tangu kipindi, yule fundi alikuja mwenyewe, mchana, na pikipiki yake. Alikataa kiti. "Mama, mimi nilinyamaza miaka kumi. Nyumba yangu imevunjika kwa kutangazwa. Basi nimekuja kuchukua nilichotangaziwa." Wazee wa ukoo walimfukuza, wakamwambia hana neno mbele ya mila, na walisema kweli. Ila Robi alikuwa ameshakusanya nguo. Alipiga magoti mbele yangu pale jikoni. "Mama, hukunikosea kitu. Lakini mtoto harudi tena shule hii. Na mimi nimechoka kuwa hadithi." Wakaondoka watatu kwenye pikipiki moja, Marwa katikati.

Wazee wakaniambia nidai ng'ombe wangu kumi na wawili. Nilikataa na ninaendelea kukataa. Wewe unajua kwa nini. Nikirudishiwa ng'ombe, ndoa imevunjika, na Marwa si wa nyumba hii tena mbele ya mtu yeyote. Ng'ombe wakiendelea kukaa Machochwe, mtoto bado ni wangu popote anapolala. Nilijaribu pia kuoa mwingine, nifanye nini. Nilituma watu kwa mzee mmoja mwenye mabinti. Jibu lilirudi siku hiyohiyo: "Mwambieni mama huyo, binti yangu haolewi kwenye televisheni."

Kipindi hicho ndicho kilichokupa tuzo. Ulinitumia picha umeishika, umevaa gauni la kumeta, ukaandika, "Hii ni yetu sote, dada." Nilizima simu. Miaka miwili na miezi minne sikuongea na wewe, na niliendelea kukuangalia kila Jumapili.

Halafu mwaka jana, mwezi wa kumi, gari likasimama nje. Ukashuka umeshikiliwa na dereva. Saratani ilikuwa imekumaliza mwili, imebaki ile sauti na yale macho. "Hodi, dada." Hodi haikataliwi. Nikakuweka chumbani kwangu, mimi nikalala kwenye mkeka chini yako. Ulikaa siku arobaini na moja. Nilikukanda, nilikulisha uji kwa kijiko, nilikubeba kwenda kuoga, uzito wako debe moja na nusu la mahindi, sizidishi. Hatukuongea kuhusu kile kiti. Tuliongea kuhusu mama, kuhusu Chacha na uongo wake kwamba huli sana. Ulicheka mpaka nikaogopa.

Siku ya ishirini na sita ukaniuliza, "Marwa yuko wapi?"

"Unajua alipo."

"Anasomaje?"

"Amefanya mtihani wa la saba. Alinipigia kwa simu ya mamake. Anataka kuja kusoma kidato cha kwanza hapa, akae na mimi. Anasema watu wameshasahau."

Uligeukia ukutani. Ukasema, "Kile kipindi nitawaambia wakitoe mtandaoni. Kisionekane tena popote."

"Lini?"

"Wiki hii, dada."

Nilikuamini. Nilikwenda kuongea na mwalimu mkuu wa sekondari ya kata, akasema nafasi haikosekani. Nikanunua tranka, godoro, sare mbili za kukadiria, maana sikujua amerefuka kiasi gani. Kwa mara ya kwanza tangu walipoondoka nilipaka rangi chumba cha Marwa. Ulinisikia nikipaka, ukasema harufu inakuchoma, nikakufungulia dirisha.

Ulifariki saa nne asubuhi, nikiwa nakubadilisha shuka. Tulikuzika hapa, ubavuni mwa Chacha, kwa sababu hukuwa na mume wala mtoto wa kutuambia vingine. Mkuu wako wa kazi alisema kaburini kwamba ulikuwa mama wa taifa zima. Marwa hakuja. Robi alituma ujumbe kwamba mtoto ataonekana shule zikifunguliwa, siyo kwenye mkusanyiko wenye kamera. Nikaona ana akili.

Wiki ya tatu alikuja yule kijana mtayarishaji wako. Kijana mwenye adabu, "Shikamoo mama" yake imenyooka. Alitoa karatasi. Wanaandaa vipindi kumi vya kukukumbuka, wanataka ndugu asaini. Nikauliza vipi na vipi. Akanitajia, na cha kwanza kilikuwa changu.

"Hicho hapana," nikasema. "Marehemu aliagiza kitolewe."

Akaona aibu. "Mama, orodha hii hatukuitunga sisi. Alitutumia yeye."

Akanionyesha simu. Ni wewe, ninaujua uandishi wako usio na nukta. Namba moja uliandika neno moja tu: Dada. Nikatazama tarehe, nikahesabu. Siku ya ishirini na tisa ya wewe kukaa hapa kwangu. Siku tatu baada ya ahadi. Uliandika ukiwa juu ya kitanda changu, labda wakati nipo jikoni nakukorogea uji.

"Tulimwuliza kwa nini hicho," kijana akasema. "Alisema ndicho pekee alichokaa na mtu wake."

Gati, nimeigeuza sentensi hiyo kila upande. Najua ni ya mapenzi. Mtu anakufa, anatafuta katika miaka yake yote kumi na moja mahali ambapo hakuwa peke yake mezani, anakuta ni pale tu, na mimi. Naielewa. Lakini ulimjua Marwa. Ulijua anarudi kwa sababu moja tu, kwamba watu wamesahau. Ukachagua wakumbuke.

Nikamwambia kijana, "Basi kateni ile dakika moja. Kuanzia ya kumi na tisa hadi ya ishirini. Zilizobaki chukueni zote."

Akainamisha kichwa. "Mama, dakika hiyo ndiyo kipindi."

"Nisiposaini?"

"Kitarushwa tu. Ni mali ya kituo. Kukuomba ilikuwa heshima."

Sikusaini. Aliacha heshima yake mezani akaondoka.

Kilirushwa Jumapili, saa kumi jioni kama kawaida yako. Mimi sebule yangu niliifunga, lakini majirani waliwasha, na sauti yangu ikawa inatoka kwenye nyumba tano. Nikaja hapa kwenye mashine. Jumapili huwa sisagi. Niliwasha nikasaga madebe mawili ya mahindi yangu ambayo sikuwa na shida nayo, na yalipoisha nikaendelea kuiacha ikinguruma tupu, kitu ambacho ninawakataza vijana kwa sababu kinaua mawe ya kusagia.

Jumanne Marwa akapiga. Sauti imeshaanza kuvunjika.

"Mama mkubwa, shikamoo. Umekiona?"

"Marahaba. Sikukitazama."

"Mimi wamenitumia kwenye simu ya mama mara kumi na nne. Hata huko Nyambureti wamekitazama?"

Ningeweza kumdanganya. Nikakumbuka kwamba uongo wangu na ukweli wangu vyote ameshavisikia. Nikasema, "Ndiyo. Wote."

Akakaa kimya. Safari hii mimi sikujaza. Akasema, "Baba amepata shule ya bweni, mbali, watu hawatujui. Nitaandikishwa kwa jina lake. Nitakuja likizo."

"Likizo ipi?"

"Nyingine," akasema. "Nyingine."

Alimwita baba. Hakuteleza ulimi wala hakunisikilizia nitasemaje. Ndivyo alivyo kwake sasa. Kesho yake Robi akanitumia ujumbe kwamba fundi anataka kunirudishia ng'ombe kumi na wawili, wote, na ndama wao, jambo liishe kwa heshima. Sikumjibu. Shule zimefunguliwa Jumatatu iliyopita. Leo asubuhi nimejibu: waleteni.

Nimechoka, Gati. Kamba niliyokuwa nimeishika, upande wa pili hakuna mtu tena.

Sitakuambia nimekusamehe, kwa sababu sijafanya hivyo na wewe hukupenda mtu adanganye mezani kwako. Ukija msamaha nitatoka nje nikwambie. Kutoka mlangoni kwangu hadi ulipolala ni hatua thelathini na moja, si safari. Wale mama wa Musoma wanaokupenda kwa machozi waendelee. Walikupata kwa saa moja moja, na saa zako zilikuwa nzuri. Hata mimi nilizipenda.

Fundi wa saruji anakuja kesho asubuhi. Nimenunua mifuko sita. Miwili ni ya kwako, miwili ya Chacha, ambaye amekaa na udongo mtupu miaka ishirini na moja akisubiri mtoto wa kiume amsakafie. Mifuko miwili ni ya pale pembeni yako, nilipopima jana kwa kamba, urefu wangu na shubiri moja ya ziada. Kaburi langu nitalijengea kuta kabisa, ibaki kufunika. Kazi hiyo ni ya mtoto, na kwa kuwa nimehesabu na kurudia nikaona hakuna, naifanya mwenyewe nikiwa bado na nguvu ya kumsimamia fundi asiibe saruji.

Lala, mdogo wangu. Chacha yuko upande wako wa kulia. Hazungumzi sana, usimlazimishe.

Ni mimi dada yako, niliyekuleta Nyambureti.